Senema za Dar es Salaam na Hakimu Asiyeonekana

Ni zaidi ya miaka ishirini sasa tangu filamu zinazotengenezwa Dar es Salaam, hasa katika vitongoji vya Kinondoni, zianze kuvuka bahari na kuingia majumbani mwetu visiwani. Zilikuja kwanza kwa kanda za video, zikaja kwa santuri, na leo zatazamwa kwa televisheni na kwa simu za mkononi. Mtazamaji wa Wete, wa Makunduchi au wa Kilindoni kule Mafia aweza kuwataja waigizaji wa Sinza na Magomeni kama anavyowataja watu wa mtaani kwake. Kwa hiyo yale yasemwayo na filamu hizo juu ya uhalifu na haki yanatuhusu sote, na yawahusu zaidi wale waliokabidhiwa dhamana ya kutunga sheria na kuzisimamia.

Mwenye kuzitazama kwa makini ataona kwamba uhalifu umo tele. Ami hudhulumu mirathi ya yatima, mke humtilia mumewe sumu, tajiri humwua mshirika wake ili fedha zibaki mikononi mwake. Lakini mahakama haimo. Adhabu huja kwa njia nyingine. Mzimu wa marehemu humrudia muuaji usiku hata akapata wazimu. Mganga huifichua siri kwa kutazama maji ndani ya beseni. Mchungaji huomba, na mwovu akagaagaa chini huku akiungama mbele ya majirani. Au gari humgonga njiani, mtazamaji akaachwa aelewe kwamba Mwenyezi Mungu amelipa. Polisi aghalabu huonekana dakika ya mwisho, wamebeba pingu, wakatamka kwamba mtu huyu yuko chini ya ulinzi. Majina ya waigizaji yakaanza kupanda kiooni. Nani alitoa ushahidi, mtuhumiwa alijitetea vipi, na hakimu alipima jambo gani dhidi ya jambo gani, hayo hatuonyeshwi.

Wapo waungwana wasemao kwamba huo ni ujinga wa watengenezaji filamu, na kwamba vijana wale hawakusoma. Hukumu hiyo twaiona imetolewa kwa haraka mno. Filamu nyingi za Dar es Salaam hupigwa kwa siku chache tu, katika nyumba iliyoazimwa kwa rafiki, kwa fedha zisizotosha hata kukodi taa za kutosha. Sebule yapatikana bure. Ukumbi wa mahakama haupatikani. Kuvaa sare ya polisi bila idhini ni kosa, na idhini yenyewe ina safari ndefu. Mzimu hauhitaji idhini ya mtu, wahitaji unga mweupe usoni na shuka.

Lakini umaskini wa vifaa haumalizi maelezo. Yatupasa turudi nyuma kidogo, kwenye vibanda vya video.

Katika miaka ya 1980 na 1990, mashine za video zilipoenea nchini, vibanda vya kuonyeshea picha vilichipuka Tandika, Mbagala, Manzese, Tandale na kila penye watu wengi na fedha kidogo. Mabenchi ya mbao, pazia jeusi mlangoni, joto la kutosha kumwivisha mtu. Ndiyo maana wenyewe wakaviita vibanda umiza. Huko ndiko vijana wa Temeke na Kinondoni walikotazama picha za Hong Kong, za Marekani, za Bara Hindi, na baadaye za Nigeria. Tatizo lilikuwa lugha. Tatizo hilo likaondolewa na wasimuliaji, ambao walizisimulia kwa Kiswahili picha zinazokwenda, wakaeleza nani ni nani, anataka nini na kwa nini amekasirika. Mashuhuri kuliko wote alikuwa Derek Mukandala, aliyejulikana kwa jina la Lufufu, ambaye sauti yake ilirekodiwa juu ya picha na kuuzwa hata mbali na Dar es Salaam. Msimuliaji hakuwa mkalimani mtupu. Alitia mzaha, akatoa mawaidha, akamlaumu mhusika aliyekosa akili. Mpelelezi wa Kizungu akageuka kuwa mtu ambaye mkazi wa Mbagala anamfahamu kama jirani yake.

Sasa na tuilinganishe hali hiyo na hali ya mahakama zetu katika miaka hiyo hiyo. Mahakama za Mwanzo, kwa haki, ziliendesha kesi kwa Kiswahili, na wazee wa baraza waliketi pamoja na hakimu. Lakini kuanzia Mahakama ya Wilaya kwenda juu, ingawa shahidi aliweza kusema kwa Kiswahili, maneno yake yaliandikwa kwa Kiingereza, mawakili walibishana sheria kwa Kiingereza, na hukumu ikaandikwa kwa Kiingereza. Ni mwaka 2021 tu ambapo Bunge lilirekebisha sheria kwa upande wa Bara ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya utoaji haki. Maana yake ni kwamba kwa miaka karibu sitini baada ya uhuru, mtu wa Tandika aliweza kwa shilingi chache kufuata neno kwa neno kisa cha mlipiza kisasi wa Hong Kong, ilhali hukumu iliyompeleka nduguye gerezani hakuweza kuisoma.

Hapo ndipo, kwa maoni yetu, palipo mzizi wa jambo hili. Watengenezaji filamu wa Kinondoni hawakuiacha mahakama kwa kuidharau. Hawakuijua, nayo haikuzungumza nao kwa lugha yao. Haki waliyoielewa ni ile waliyosimuliwa kibandani, ile ya kanisani na msikitini, na ile ya kwa mganga. Kwa hiyo waliandika waliyoyajua.

Haikuwa hivyo siku zote. Wazee wetu wa visiwani wataikumbuka picha ya Kihindi ya Awara, iliyotolewa mwaka 1951 na ikapendwa mno katika pwani yetu yote. Picha ile yaanzia mahakamani. Kijana Raj ameshtakiwa kwa kujaribu kumwua hakimu, na anayemtetea ni mwanasheria mwanamke, Rita, ambaye ndiye mpenzi wake. Hakimu huyo ni baba mzazi wa kijana, ingawa hajui. Na mwigizaji wake, Prithviraj Kapoor, alikuwa kweli baba mzazi wa Raj Kapoor. Kisa kizima kimejengwa juu ya kosa la hakimu. Zamani alimfunga mtu aitwaye Jagga kwa sababu tu baba yake alikuwa jambazi, akiamini kwamba mtoto wa nyoka ni nyoka. Jagga alipotoka akawa jambazi kweli, akamlipiza hakimu kwa kuivunja nyumba yake. Mwisho Raj ahukumiwa kifungo cha miaka mitatu, na hukumu hiyo yatolewa baada ya maneno mengi kusemwa na kusikilizwa. Watu walilia katika majumba ya senema ya Unguja kwa ajili ya kesi! Yafaa jambo hilo likumbukwe na wale wasemao kwamba mahakama haina utamu katika picha.

Picha nyingine ya Kihindi, Sholay, iliyotoka Agosti 1975, ina funzo la namna tofauti, na hili twawaelekezea maofisa wetu wa ukaguzi. Thakur, ofisa wa zamani wa polisi, amekatwa mikono yote miwili na jambazi Gabbar Singh. Awaajiri wezi wawili wamsaidie kumkamata. Katika picha ilivyopigwa kwanza, Thakur amwua Gabbar kwa miguu yake. India wakati huo ilikuwa chini ya sheria za hali ya hatari, na wakaguzi wa serikali hawakupenda mtu aliyekuwa polisi ajichukulie sheria mkononi. Mwisho ukapigwa upya: polisi wanafika dakika ile ile, Gabbar akachukuliwa. Serikali ikaridhika. Lakini je, mtazamaji alijifunza nini zaidi? Kazi yote ilikuwa imekwisha kufanywa na wezi wawili kwa bunduki. Polisi waliletwa kufunga mlango. Ndivyo zifungwavyo filamu za Dar es Salaam hadi leo.

Tumezungumza juu ya picha za kubuni. Lakini yako mambo yaliyotokea Kinondoni yenyewe ambayo hayakuhitaji mtunzi.

Tarehe 14 Januari 2006, wafanyabiashara watatu wa madini kutoka Mahenge, Morogoro, na dereva wa teksi mmoja, walikamatwa na polisi huko Sinza. Umma ukatangaziwa kwamba majambazi manne yameuawa katika majibizano ya risasi na polisi. Kwa mtu aliyezoea vibanda vya video, habari hiyo haikuwa na pengo: majambazi, risasi, polisi washindi, mwisho wa picha. Wengi waliipokea hivyo na wengine wakashangilia. Waliokataa ni ndugu wa marehemu, waliosema kwamba watu wao hawakuwa majambazi, na wasinyamaze. Rais Jakaya Kikwete aliunda tume chini ya Jaji Mussa Kipenka, nayo ikaeleza kwamba watu wale hawakuwa majambazi na kwamba mapambano yaliyotangazwa hayakuwapo. Walikuwa wamechukuliwa wakiwa hai hadi msitu wa Pande, wakati huo ndani ya Wilaya ya Kinondoni, wakapigwa risasi huko.

Askari polisi kadhaa walishtakiwa, pamoja na Abdallah Zombe aliyekuwa mkuu wa upelelezi wa Mkoa wa Dar es Salaam. Agosti 2009, Jaji Salum Massati wa Mahakama Kuu aliwaachia huru washtakiwa wote waliosalia, akaeleza kwamba wauaji wenyewe hawakuwa mbele yake na akataka watafutwe. Askari aliyetajwa na mashahidi kuwa ndiye aliyefyatua risasi alikuwa ametoroka tangu mwanzo. Upande wa Serikali ukakata rufaa. Rufaa ya kwanza ikaondolewa mwaka 2013 kwa kasoro ya hati, ikafunguliwa tena. Septemba 2016, Mahakama ya Rufani, ambayo ni ya Muungano na husikiliza pia rufaa za kutoka Zanzibar, ilithibitisha kuachiwa kwa Zombe na wenzake wawili, ikamtia hatiani ofisa mmoja aliyekuwa mkuu wa upelelezi wa Wilaya ya Kinondoni, na kumhukumu adhabu ya kifo.

Ni miaka kumi na miezi minane tangu siku ya mauaji. Wako walioridhika na wako ambao hadi leo hawakuridhika, na sisi hatukukaa katika kiti cha jaji. Lakini hebu mtu aitazame njia yenyewe. Uongo uliosemwa kwa siku moja ulihitaji tume, mashahidi, vielelezo na miaka kumi ili uvunjwe. Maneno ya hadharani ya askari hayakutosha, wala machozi ya wafiwa hayakutosha; kila neno lilitakiwa lithibitishwe. Uchungu na uzito wa njia hiyo ndio usioonekana hata kidogo katika filamu zetu, na matokeo yake ni kwamba kesi ikichelewa mwananchi hudhani kwamba hakuna kinachofanyika. Mara nyingine ni kweli hakuna kinachofanyika. Mara nyingine ushahidi unatafutwa. Mtazamaji hana njia ya kuzitofautisha hali hizo mbili, kwa sababu hakuna aliyemwonyesha.

Waandishi wa magazeti nao hawana la kujitapa. Tunalo fungu la maneno tulilolizoea, la "wananchi wenye hasira kali". Tukiandika kwamba mtu ameuawa na wananchi wenye hasira kali, tumekwisha kutoa hukumu: marehemu alikuwa mwizi, na waliomwua hawana majina. Ripoti za kila mwaka za Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu zimeeleza mara kwa mara kwamba watu wanaouawa hivyo nchini huhesabiwa kwa mamia. Mwanzoni mwa Januari 2015, jiji la Dar es Salaam liliingiwa na hofu usiku kwa sababu ya kundi la vijana walioitwa Panya Road, na watu wakafunga maduka mapema kutoka Magomeni hadi Sinza. Vijana wale, kama ilivyoelezwa wakati huo, walikuwa wametoka kumzika mwenzao aliyeuawa na umati kwa tuhuma ya wizi. Basi kifo kisichokuwa na hakimu kikazaa vurugu, na vurugu zikazaa hofu, na hofu ikawafanya watu watamani vifo vingine. Ni kisa cha Jagga, kimehamia bondeni Kigogo.

Wala tusiwacheke watu wa Bara kwa hili. Mwaka 1995, hofu ya popobawa ilipotanda kuanzia Pemba hadi Unguja, watu wakilala nje ya nyumba zao kwa makundi, mgeni mmoja kutoka Bara aliyekuwa na maradhi ya akili aliuawa hapa mjini Zanzibar na umati uliomdhania kuwa ndiye. Miaka kadhaa baadaye popobawa akatengenezewa filamu huko Bara. Hatujasikia kwamba mgeni yule ametengenezewa yake.

Ikiwa yuko anayetilia shaka kwamba kesi ya kweli yaweza kuwashika watazamaji, basi na akumbuke kifo cha Steven Kanumba. Mwigizaji huyo, aliyependwa kuliko wote wa wakati wake, alifariki nyumbani kwake Sinza usiku wa kuamkia tarehe 7 Aprili 2012, baada ya ugomvi na msanii mwenzake wa kike aliyekuwa binti mdogo. Maelfu walimsindikiza hadi makaburi ya Kinondoni. Mitaani kesi ilikwisha wiki ile ile: wako waliotaka binti anyongwe, wako waliosema ni mambo ya Freemason, wako waliosema ni uchawi, yaani wakakitia kifo chake ndani ya filamu za namna alizozicheza yeye mwenyewe. Mahakama haikwenda upesi hivyo. Shtaka la kuua kwa kukusudia likabadilishwa kuwa la kuua bila kukusudia. Kukawa na hoja juu ya umri wa mshtakiwa. Daktari akaeleza juu ya mtikisiko wa ubongo. Novemba 2017 Mahakama Kuu ikamtia hatiani na kumpa kifungo cha miaka miwili.

Katika miaka hiyo mitano, watu wa Kinondoni na Temeke, na wa visiwani pia, walijifunza jambo ambalo hakuna filamu iliyowafundisha: kwamba sheria hutofautisha kati ya aliyetaka kuua na ambaye tendo lake limeua bila yeye kutaka. Walibishana juu ya jambo hilo kwenye daladala na kwenye vibao vya bao. Waliokasirishwa na hukumu waliikasirikia wakijua sasa ni nini wanachokikasirikia. Hayo ni maendeleo, tena makubwa.

Sasa tuwageukie wenye mamlaka. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976 iliweka Bara chombo cha ukaguzi ambacho leo ni Bodi ya Filamu, na Zanzibar inalo Baraza lake la Sanaa, Sensa, Filamu na Utamaduni. Vyombo hivi vimefanya kazi ya kutazama mavazi, matusi na damu, na hatusemi wasiyatazame hayo. Lakini mkasi hauwezi kuongeza kitu kisichokuwamo. Ukiondoa damu katika picha ambayo mzimu ndiye hakimu, itabaki picha ambayo mzimu ndiye hakimu, ila fupi zaidi. Wala hatupendekezi mtunzi alazimishwe kuwasifu polisi. Kulazimishwa huko ndiko kulikoleta mwisho wa Sholay, na mtazamaji hutambua upesi anapohubiriwa.

Tunachoomba ni kidogo na hakigharimu fedha nyingi. Yako majengo ya mahakama yanayofungwa jioni na siku za mwisho wa wiki; mtengenezaji wa filamu mwenye hati yake aruhusiwe kupiga picha humo kwa masharti yanayojulikana na kwa jibu linalotoka kwa siku, si kwa miezi. Jeshi la Polisi liwe na ofisa mmoja wa kushughulikia maombi ya sare na ya maelezo, ambaye hatauliza kwanza kama polisi ndiye shujaa. Mahakama za Mwanzo, ambazo ndizo zilizo karibu na watu na zilizotumia lugha yao tangu zamani, ziwakaribishe watunzi waketi benchi la nyuma na kusikiliza. Mtunzi aliyesikiliza asubuhi moja kesi ya kugombea kiwanja cha Mbagala hatakosa kisa cha kuandika.

Na liko jambo la hukumu zenyewe. Mahakama ya Tanzania huziweka wazi katika mtandao wa TanzLII, na kwa hilo yastahili shukrani. Lakini nyingi zimeandikwa kwa Kiingereza, na za zamani, kabla ya mabadiliko ya 2021, ni hivyo karibu zote. Hukumu ya Mahakama ya Rufani ya Septemba 2016, yenye kisa chote cha Sinza na msitu wa Pande, ni mojawapo. Kijana wa Kinondoni anayetaka kuitengenezea filamu itambidi kwanza atafute mtu wa kumsimulia, kama babu zake walivyosimuliwa picha za Hong Kong. Twaiuliza Wizara ya Katiba na Sheria, na Baraza la Kiswahili la Taifa, ni lini hukumu hiyo, na nyingine kama kumi za namna yake, zitapatikana kwa Kiswahili, katika kitabu cha bei ambayo mtu wa Tandika aweza kuilipa.